Magunia Sita ya Kitangari

Semina ile Yoeli aliingia kwa ajili ya pilau. Alikuwa anapita zake mjini Masasi, mwezi wa kumi, jua linawaka mpaka mbwa wameacha kubweka, akasikia harufu ya bizari ikitoka kwenye ukumbi mmoja karibu na stendi. Akaegesha baiskeli aliyoazima, akaingia, akaandika kwenye karatasi ya mahudhurio jina la marehemu mjomba wake, akaketi mstari wa mbele. Wazamiaji hutafutwa mstari wa nyuma. Hili alilijua tangu harusi ya kwanza aliyozamia.

Somo lilikuwa kulima mboga nyumbani kwa njia za asili: bila mbolea ya dukani, bila dawa, bila kupoteza hata tone la maji ya kuoshea vyombo. Kufikia saa nane Yoeli alikuwa ameshiba, amevaa fulana ya kijani yenye picha ya jani, na mkononi ana kitabu chembamba cha kurasa arobaini ambacho alikimwagia chai ya maziwa alipokuwa ananyoosha mkono kuchukua andazi la tatu. Kurasa za mwisho ziligandana. Hakujali, kwa sababu hakuwa na nia ya kufika huko.

Angeondoka hivyo hivyo, mtu mwema aliyeshiba, kama mama mmoja asingesimama na kuuliza: “Mwalimu, kwa hiyo huu mchicha tunaolima chini ya mikorosho, ile salfa tunayopulizia inaingia humo humo?”

Ukumbi mzima uligeuka. Mwalimu alijibu vizuri, kwa utulivu na kwa urefu, lakini Yoeli hakusikiliza jibu. Alikuwa anatazama nyuso. Kwa mtu wa kazi yake, hofu ya watu sitini ni mtaji ambao hakuna benki inayoutoa.

Sasa, kazi yake. Hapo ndipo penye shida. Yoeli alikuwa mjukuu wa katekista wa Lisekese, na katika urithi wa babu alichukua sauti, akaiacha imani. Alishawahi kuuza dawa ya panya ambayo panya waliipenda. Alishawahi kuuza miwani ya kusomea, yote ya namba moja, kwa wazee wenye macho ya kila namba. Msimu wa korosho alikuwa kangomba, yaani mmoja wa wale wanaopita nyumba kwa nyumba kununua korosho kwa bakuli kabla mwenyewe hajazifikisha ghalani, kazi ambayo serikali imeikataza na njaa imeiruhusu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotajika mbele ya madhabahu.

Na Yoeli alihitaji kazi ya kutajika mbele ya madhabahu. Alimpenda Yuster, mwalimu wa shule ya msingi pale Lisekese, na katika hili mimi msimulizi sifanyi mzaha: alimpenda kiasi kwamba akipita shuleni kwao husahau alichokuwa anauza. Kikwazo kilikuwa baba yake, Mzee Danieli, mzee wa kanisa, na mmojawapo wa walionunua miwani.

“Padre atatangaza ndoa Jumapili tatu,” Mzee Danieli alimwambia. “Jumapili zote tatu watu watanigeukia: mzee, huyo kijana anafanya kazi gani? Niwaambie nini? Nenda. Ukirudi kabla ya Krismasi na kazi inayotajika kanisani, karibu. Usiporudi, kuna mhasibu mmoja wa Ndanda siku hizi ananisalimia mno.”

Yoeli akawaza. Duka. Mwenye duka anatajika popote, hata mbele ya askofu. Na duka, kwa makisio yake, lilikuwa sawa na magunia sita ya korosho. Kilichobaki ni kumpata mtu mwenye magunia sita ambayo hayajafika ghalani, anayeishi mahali ambapo miwani ya Yoeli haijafika. Akavaa fulana ya kijani, akatia kitabu kwapani, akapanda mlima mpaka Newala, akaendelea mpaka Kitangari.

Kule mikorosho ni mingi kuliko watu, na maji hupanda kwa baiskeli. Mwenye baiskeli mmojawapo alikuwa Mohamedi, mtu wa madumu sita kwa safari, na ndiye aliyemfungulia Yoeli njia.

“Magunia sita? Bibi Bibiana,” Mohamedi alisema, akikaza mpira kwenye dumu. “Anangoja bei ipande. Ila huyo bibi...”

“Ila nini?”

Mohamedi aliitazama ile fulana. Akakitazama na kitabu. “Ila mgongo unamsumbua,” alisema. “Hawezi kuinama.” Kisha akageuka haraka kushughulikia dumu ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Nyumba ya Bibi Bibiana ilikuwa ya bati, yenye kisima cha maji ya mvua pembeni, mfuniko wake umefungwa kwa kufuli kubwa kuliko la mlango wa nyumba. Uwanja ulikuwa vumbi tupu.

“Hodi hapa!”

“Karibu. Nani?”

“Mjukuu wako, bibi. Shikamoo.”

“Marahaba. Mjukuu wa upande upi? Wangu wote nawajua, na hakuna hata mmoja anayebisha hodi.”

“Mmakua wa Masasi, bibi.”

“Mmakua!” Mlango ulifunguka wote. Alisimama bibi mfupi, mkono mmoja kiunoni, macho yanacheka kabla ya mdomo. “Basi si mjukuu tu, ni mtani. Ingia, mume wangu, ukae. Ila vijiko nimevihesabu.”

Yoeli aliingia akiwa na furaha moyoni. Kati ya Mmakonde na Mmakua kuna utani wa tangu mababu, na kati ya bibi na mjukuu kuna mwingine. Alikuwa anaingia nyumba ile na vibali viwili. Mtani hafukuzwi. Mtani akikuchukulia kuku wako unacheka, hukasiriki, unangoja zamu yako. Sheria ile ilimfaa Yoeli sana, maana alikusudia kuwa mbali zamu itakapofika.

Akaanza. Alisema habari za salfa mpaka bibi akashika shavu. Akasema habari za hoteli moja ya Mtwara, ambayo jina lake haruhusiwi kulitaja, yenye wageni wasiotia mdomoni kitu kilichowahi kuona dawa.

“Wageni wale, bibi, wananunua fungu la mchicha kwa bei ya kuku.”

“Kuku mzima?”

“Mzima, tena jogoo. Ila lazima mchicha uwe wa asili kabisa, na mlezi wa mradi huku Kitangari awe mtu mwaminifu. Nimeuliza njia nzima, wametaja jina moja.” Akashusha sauti ya babu yake. “Mlezi anatanguliza magunia sita tu ya korosho. Basi. Mengine anakula matunda.”

Bibi Bibiana alisogea karibu. Alinyoosha mkono, akakichukua kile kitabu, akakigeuzageuza. Akakinusa.

“Kina harufu ya chai.”

“Nakisoma asubuhi, bibi, nikinywa chai.”

“Umekisoma chote?”

“Nimekihifadhi. Jalada kwa jalada.”

“Alaa,” alisema bibi, akamrudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha msahafu. “Haya, njoo uone.”

Alimpeleka chumba cha ndani. Magunia sita, yamesimama wima, yamejaa. Yoeli alifungua moja, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, kama kangomba yeyote mwenye akili anavyofanya, maana mchanga huwekwa katikati. Korosho tupu, kavu, safi. Akafanya hivyo kwa yote sita.

“Ni yako,” alisema bibi. “Lakini mimi ni mtu wa sahani, mume wangu. Maneno yako matamu, nayo hayaendi na ugali. Siku nitakapokuwa nimekula mboga za uwanja huu mwezi mzima, bila kuinama na bila kwenda sokoni, unachukua magunia unakwenda. Chumba cha nje kipo. Utalala humo.”

Yoeli hakuwa amekuja kulima. Hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kumshuku hivyo. Lakini alikuwa na mpango, na Jumapili, bibi alipokwenda kanisani, aliutekeleza. Alirudi kutoka soko la Newala na mafungu kumi ya mchicha na figili, yote yenye mizizi, akachimba uwanjani, akayachomeka kwa mistari, akamwagia maji kidogo yang'ae. Misa ilipokwisha, uwanja ulikuwa bustani.

Bibi Bibiana alisimama getini na Biblia yake. Alitazama mistari ile muda mrefu.

“Nimeondoka asubuhi hapa ni vumbi.”

“Njia za asili, bibi. Udongo ukiamshwa, umeamka.”

“Hata ule mtango wa Nabii Yona ulichukua usiku kucha,” alisema bibi kwa heshima. Kisha akaita kwa sauti, majirani watatu wakatoka, na kwa pamoja wakang'oa bustani yote, wakaipika, wakaila, wakamsifu. Bibi akafuta mdomo. “Tamu. Kesho ikiota tena, uniite mapema, nimewaalika na wanakwaya.”

Kesho yake alikwenda Newala tena. Na keshokutwa. Siku ya nne Anastasia, muuza mchicha, alimuuliza kama amefungua hoteli. Siku ya sita Yoeli aliketi kwenye jiwe nje ya soko, mifuko inapumua upepo, akafikia hitimisho ambalo halijawahi kufikiwa na tapeli yeyote wa Masasi: kwamba kulima kweli kungekuwa nafuu.

Akafungua kitabu ukurasa wa kwanza.

Ningependa kusema kwamba alikuwa mvivu, hadithi ingekuwa fupi. Lakini tapeli hodari ni mtu wa bidii, ila bidii yake haijawahi kuelekezwa kwenye ardhi. Kitabu kilisema: usiuache udongo uchi. Akakusanya majani makavu ya mikorosho kijiji kizima, akaufunika. Kitabu kilisema mboji: akaenda kuomba samadi ya mbuzi, akachanganya na majivu, maganda na majani mabichi, akageuza rundo kila wiki, mvuke unamtoka usoni. “Mboji iliyoiva hainuki,” kitabu kilisema. “Ikinuka, umekosea.” Rundo la kwanza lilinuka mpaka mbuzi wenyewe wakahama. La pili lilinuka kidogo. La tatu halikunuka, na Yoeli alilinusa mara nne bila kuamini.

Bibi alikuwa anaketi barazani kwenye kigoda, anakuna nazi, anauliza maswali ya kijinga.

“Mimi mzee sijui, mwalimu. Hilo tuta la mviringo, katikati si ndipo panapowekwa kikapu cha fito, mtu akamwaga humo maganda na maji ya vyombo?”

Yoeli alifunua kurasa. Palikuwa hapo. “Nilikuwa naelekea huko, bibi.”

“Na njia ya kuingilia katikati. Usije ukakanyaga tuta. Mimi nasema tu.”

“Inakuja hiyo.”

“Na lile pembeni umeliinua kidogo sana. Mtu mwenye mgongo mbovu hafiki. Ila sijui mimi, mwenye elimu ni wewe.”

Akaliinua mpaka kiunoni kwa mawe, akiyabeba mwenyewe. Akachomeka migomba kwenye maji ya bafu. Akajaza viroba udongo, akapanda nyanya chungu ubavuni. Akatwanga majani ya mwarobaini na pilipili kwa ajili ya wadudu, akajifuta jicho kwa mkono ule ule, akajifunza. Majirani walikuja kutazama, wakamwita Mwalimu. Walikaa kimya barazani kwa bibi, safu nzima, na mara kwa mara mmoja wao alishikwa na kikohozi, akaondoka kwenda kukoholea nyuma ya nyumba.

Shida ilikuwa maji. Maji ya kisima cha mvua yalikuwa chini kabisa, na bibi hakutoa ufunguo. Kwa hiyo Yoeli aliazima baiskeli, akateremka bondeni na Mohamedi, akapanda na madumu huku anaisukuma, kila siku ya Mungu, mpaka magoti yake yakawa na maoni yao. Ndipo alipoelewa kwa nini kitabu kililia sana kuhusu maji ya kuoshea vyombo. Akaanza kugombana na bibi akimwaga hata maji ya kunawa.

Siku moja katikati ya mwezi wa kumi na moja Mohamedi hakuonekana bondeni. Yoeli alipofika nyumbani alimkuta anatoka kwa bibi na toroli tupu, shati limelowa jasho.

“Nimemletea bibi majani ya matandazo,” alisema Mohamedi.

“Ahsante, yalikuwa yameanza kupungua,” alisema Yoeli, na alimaanisha. Akapita chumba cha ndani, akachungulia kama alivyochungulia kila siku. Magunia sita yalikuwa yamesimama wima.

Mchicha wa kweli uliiva wiki ile ile. Yoeli alichuchumaa mbele yake asubuhi, umande juu ya majani, akauangalia kana kwamba kuna mtu mwingine aliyeupanda. Aliona furaha, na akashtuka, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeibiwa. Bibi alipika kwa karanga. Walikula kwenye sahani moja.

“Huu ni wako,” alisema bibi.

“Si kama ule wa kwanza,” Yoeli alisema, ikamtoka.

“Ule wa kwanza ulikuwa na vidole vya Anastasia.” Bibi akatafuna. “Una mchumba?”

Akamsimulia Yuster. Akamsimulia Mzee Danieli, matangazo ya ndoa, na mhasibu wa Ndanda. Hakumsimulia duka.

“Kwa hiyo mzee anataka kazi ya kutajika kanisani,” alisema bibi.

“Ndiyo, bibi.”

“Na hii?”

“Hii ipi?”

Bibi alimtazama. “Basi,” alisema. “Kula ugali.”

Mwezi ulitimia siku tano kabla ya Krismasi. Mvua ilikuwa imeanza, kisima kinajaa, uwanja haupitiki kwa majani: mchicha, figili, nyanya zinaanza kuwa nyekundu, vitunguu katikati yake. Bibi alikuwa anazunguka humo na kikapu, amesimama wima, bila kuinama hata mara moja. Yoeli alileta kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, cha Nikolao, dereva asiyeuliza maswali, na wakayatoa magunia sita chumbani. Yalikuwa yameshonwa midomo vizuri kwa kamba ya katani.

“Nimekushonea,” alisema bibi. “Yasimwagike njiani. Hutayapima?”

Hapa inabidi niseme ukweli juu ya Yoeli, japo utamvunjia heshima katika fani. Mkono wake ulikwenda kwenye gunia, kwa mazoea, ukafika kwenye mshono, ukarudi. Aliona aibu. Alimtazama yule bibi kizee mwenye mgongo, anayebaki hana korosho hata moja, hana hoteli ya Mtwara. Akafikiri kuyaacha. Akafikiri mhasibu wa Ndanda. Akayapakia bila kuyapima, maana alihisi kuwa kumpima bibi yule kungekuwa wizi wa pili.

“Wapelekee wakwe,” bibi alisema, akimwekea kikapu cha mboga mapajani. “Na usisahau kitabu.”

Chini ya mlima, njia ya Masasi, kulikuwa na kizuizi. Askari alikuwa na koti la mvua, tochi na bambo, kile chuma kirefu chenye uwazi cha kuchomea gunia ili kionje kilichomo. Kusafirisha korosho bila kibali katika msimu ule kulikuwa sawa na kujipeleka rumande na nauli yako mwenyewe. Lakini Yoeli alikuwa amejiandaa. Alivaa fulana ya kijani, akatabasamu, akatoa sauti ya babu.

“Shikamoo, afande.”

“Marahaba. Mmebeba nini?”

“Mboji, afande. Mbolea ya asili. Mimi ni mtaalamu wa mboga.”

“Kwenye magunia ya korosho?”

“Njia za asili, afande, hatutupi kitu.”

Askari alisikia habari nyingi kila siku, na hii hakuipenda. Akapanda nyuma ya kirikuu, akachoma gunia la kwanza. Yoeli alifumba macho. Akamwona Yuster. Akaona mlango wa rumande.

“Mboji,” alisema askari.

Yoeli alifumbua macho. Kwenye bambo palikuwa na udongo mweusi, laini, wenye unyevu kidogo. Askari akaunusa. Hauna harufu.

“Choma lingine,” alisema Yoeli kwa sauti ndogo.

“Nini?”

“Choma lingine, afande. Tafadhali.”

Askari, mtu mwenye kutimiza wajibu, alichoma la pili. Mboji. La tatu, mboji. Katika maisha yake yote Yoeli hakuwahi kuomba akamatwe, lakini pale kizuizini, kwenye manyunyu, aliomba kwa imani yote aliyomwachia babu: hata gunia moja, hata bakuli moja, hata punje ya kumfunga siku mbili. La sita lilipotoka, askari alirudi chini na kumpigia saluti ndogo.

“Samahani, mtaalamu. Tunadanganywa sana hapa. Umeitengeneza mwenyewe?”

“Mwenyewe,” alisema Yoeli.

“Hongera. Endeleeni.”

Mbele kidogo alimwomba Nikolao asimame. Akapiga simu. Iliita mara moja tu.

“Umevuka kizuizi?” aliuliza Bibi Bibiana.

“Bibi, magunia...”

“Mna korosho humo?”

“Hamna!”

“Mshukuru Mungu, mjukuu wangu. Wangekufunga.” Alikuwa anakula kitu, kinasikika kikivunjika mezani, pengine figili. “Zangu zilikwenda mnadani ule mwezi wa kumi na moja, ulipokuwa bondeni na madumu. Bei ilikuwa nzuri. Magunia nikayajaza majani, yakusubiri. Jana ulipokwenda kumtafuta mwenye gari, Mohamedi akabadilisha. Tumekupa mboji iliyoiva kabisa, hatukukupunja.”

Yoeli aligeuka kuyatazama magunia nyuma ya kirikuu.

“Umekasirika?” aliuliza bibi.

Yoeli aliangalia barabara. Sheria aliijua, ndiyo aliyoingilia mlangoni.

“Mtani hakasiriki,” alisema.

“Hakasiriki. Sasa kabandue zile kurasa za mwisho. Zishikilie kwenye mvuke wa sufuria, polepole.”

Lisekese, jikoni kwa akina Yuster, ni Yuster mwenyewe aliyezishikilia kwenye mvuke. Zikaachana. Ukurasa wa thelathini na tisa ulikuwa na picha ya bibi mfupi kwenye bustani, macho yanacheka kabla ya mdomo, na chini yake maandishi: Bi. Bibiana wa Kitangari, aliyewafundisha wakulima kwa miaka kumi na minne, mpaka mgongo ulipomlazimu kupumzika. Tunamshukuru, kitabu hiki ni maneno yake.

Yuster alicheka mpaka akakaa chini. Yoeli naye akacheka, kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo, kama sheria inavyotaka.

Mzee Danieli hakucheka. Alikuwa amesimama uani mbele ya kirikuu.

“Haya. Krismasi ni Jumatano. Kazi?”

“Mkulima wa mboga, mzee. Mboga za asili. Na mboji natengeneza mwenyewe, hii hapa, kwa mikono yangu.”

Ulikuwa ukweli mtupu, wa kwanza kumwambia mzee yule, na Yoeli aliusema vibaya, kwa kigugumizi, kwa sababu hakuwa amezoea kusema kitu bila kukipamba. Mzee Danieli alizunguka kirikuu mara mbili.

“Mwongo,” alisema.

“Mzee, kweli kabisa.”

“Umeniletea udongo kwenye magunia ya korosho.”

“Baba,” alisema Yuster. Alimshika Yoeli mkono, akaugeuza kiganja juu, akausogeza mbele ya baba yake. Sugu tano, ngozi imepasuka, kucha nyeusi kwa mboji ya miezi miwili ambayo hakuna sabuni inayoiondoa. “Tazama mwenyewe. Mkono haudanganyi.”

Mzee Danieli alitoa miwani kwenye mfuko wa shati, ile aliyouziwa mwaka juzi, akaivaa. Akausogeza mkono wa Yoeli karibu na uso. Akausogeza mbali. Akauinamisha kwenye mwanga.

“Sioni kitu,” alisema.

Yuster alimgeukia Yoeli. Yoeli akatazama matairi ya kirikuu.

“Lakini uwanja ninao hapo nyuma,” aliendelea mzee, akiivua miwani, “na meno bado ninayo. Lima, nile, ndipo nitajua cha kuwaambia watu. Huyo wa Ndanda nitamwambia asubiri mpaka Pasaka.”

Nikolao alianza kushusha magunia bila kuuliza swali. Yoeli alizunguka nyumba, akasimama mbele ya ule uwanja: mgumu, umefagiliwa safi, hauna jani hata moja juu yake. Uchi kabisa. Akainama, akashika udongo, akauachia. Kisha akageuka kwa Yuster.

“Maji ya kuoshea vyombo,” aliuliza, “huwa mnamwaga wapi?”